Shemeji kafunga karatasi ya sigara kwenye fyuzi, na mimi ndo nabeba watoto kwenye hiyo gari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma, nauza vitenge na mashuka. Huwa nakusoma kimya kimya siku zote sijawahi kuandika, leo nimeona niandike maana nikimwambia mtu wa hapa mtaani itafika kwa mama mkwe kabla mimi sijafika nyumbani.

Tuna kagari kadogo, vile vya mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, tulikanunua mkononi mwaka juzi. Mume anaendea kazini, mimi napelekea watoto shule na kubebea mzigo. Sasa mdogo wake mume wangu ni fundi umeme wa magari, na aliyemsomesha huo ufundi ni mume wangu, yaani ada tulilipa huku tunakula maharage mwezi mzima, kwahiyo unaelewa ni kitu anachojivunia. Tangu tununue gari hakuna mtu mwingine karuhusiwa kushika waya. Shemeji kafunga alamu, kafunga sabufa nyuma, kaweka chaja mbili za simu na vile vitaa vya kamba vya bluu chini ya viti (mi sivipendi ila nani ananiuliza).

Tatizo lilianza na taa ndogo za nyuma. Zinazima, na taa za dashibodi zinazima nazo, shemeji anakuja anasema fyuzi imekata, anaweka nyingine, zinawaka siku mbili tatu zinazima tena. Ilikuwa inakata sana sana siku nikitoka kuchukua mzigo, mpaka mume akawa ananitania kwamba vitenge vyangu vina mkosi. Fyuzi ya kwanza ilikuwa nyekundu, nakumbuka kwasababu mwanangu aliichukua akachezea. Baadae akaweka ya bluu, ikakata. Akaweka ya kijani, ile ikakaa kama mwezi nayo ikakata siku moja usiku tukiwa njiani. Akaja akafanya fanya pale chini ya usukani dakika mbili, akasema shemeji hii sasa haitakata tena. Na kweli Shangazi haijakata, ni miezi mitatu sasa.

Ila gari inanuka. Siyo kila siku, nikiwa nimewasha taa muda mrefu nasikia harufu ya plastiki kuungua, kama ile ya mpini wa sufuria ukigusa moto. Wiki mbili zilizopita niko foleni na watoto, magharibi hivi, nikaona kamoshi kembamba kanatoka chini ya usukani upande wa mlangoni. Nikazima taa, kakakata. Nilivyomwambia mume akacheka akasema hiyo ni vumbi la Dodoma linaungua kwenye hita. Hita gani na sijawahi kuiwasha.

Basi nikafanya kitu ambacho ndo kinanikosesha usingizi. Nikaipeleka kwa fundi mwingine, kwa siri, kwa hela yangu ya kikoba. Akafunua kile kifuniko, akatoa ile fyuzi ya kwanza nyekundu imezungushiwa karatasi ya fedha, ile ya kwenye pakiti ya sigara. Plastiki ya pale inapokaa imekuwa ya kahawia na imepinda. Akafunua na boneti akanionyesha waya mwekundu mnene kama kidole cha mtoto umetoka kwenye betri umeingia ndani kupitia tundu, akatikisa kichwa tu. Akasema hapa waya zote za kung'oa, laki 3 na elfu 80, na hagusi kitu mpaka nilipe nusu. Nikamwambia arudishe kila kitu kama kilivyokuwa, nikaondoka.

Sasa Shangazi, Jumamosi ya wiki ijayo tunaenda Singida kwenye mahari ya wifi yangu, tunatoka saa 10 alfajiri, mimi, mume, watoto na mama mkwe. Na mwezi ujao mume anampa shemeji milioni 2 za kufungulia gereji yake. Nikisema nilichoona, itajulikana nilienda kwa fundi wa nje, na mume alishaniambia zamani kwamba ndugu zake nawadharau. Shemeji mwenyewe ananiheshimu sana, hajawahi kunikosea. Nikinyamaza napanda na wanangu kwenye gari inayonuka. Nifanyeje?

Mama wawili, Dodoma

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea jirani yangu mmoja, mzee fundi umeme wa magari kazeekea kwenye hiyo kazi, maana mimi mambo ya ndoa nayajua kidogo ila fyuzi naijua kwa kuungua tu. Kwahiyo humu nitachanganya ya kwake na ya kwangu.

Kama nimekuelewa, wewe hujaniuliza habari ya gari. Umeniuliza utasemaje ukweli unaomgusa kijana ambaye mumeo kamjenga kwa mikono yake, wakati huo ukweli umeupata kwa njia ya siri, na siku zinakimbia. Nitafika huko. Ila nianze na hiyo karatasi, maana ukiielewa vizuri hata maneno ya kumwambia mumeo yatabadilika.

Fyuzi watu wanadhani iko pale kulinda taa. Hapana, inalinda waya. Ndani yake kuna kiuzi chembamba ambacho kimetengenezwa kiungue kabla waya haujaungua, ndo kazi yake yote duniani. Rangi ulizozitaja zina maana, nyekundu ni ampea 10 (ampea ni kipimo cha umeme unaopita), bluu 15, njano 20, kijani 30. Mzee akaniambia kitu kikanitisha kidogo, joto la waya halipandi sawa na umeme unaopita, umeme ukiwa mara mbili joto linakuwa mara nne, ukiwa mara tatu joto mara tisa. Kwahiyo shemeji alivyotoka 10 akaenda 30, waya ule ule mwembamba uliruhusiwa kupata joto mara tisa ya lile fyuzi ya mwanzo ingelivumilia. Na karatasi ya sigara haina namba kabisa, inapitisha mpaka kitu kingine kiungue kwanza. Hiyo harufu ya mpini wa sufuria na hiyo plastiki ya kahawia ndo hicho kitu kingine kimeanza. Vumbi haliachi kahawia pale.

Sasa kuna sehemu ya barua yako mzee alinisimamisha nirudie. Hapo kwenye vitenge. Akauliza, akibeba mzigo si anafungua mlango wa nyuma? Nikasema ndio. Akacheka, akasema waya za taa ya namba na vingine vya kwenye ule mlango zinapita ndani ya mpira pale juu kwenye bawaba, kila ukifungua na kufunga zinapinda, baada ya miaka ganda linapasuka, shaba inagusa bati, shoti. Anasema kakutana nayo kwenye magari ya milango ya aina hiyo mpaka kachoka. Na akapiga hesabu, vile vitaa vidogo vyote vya mbele, nyuma na vya namba kwenye gari ndogo kama yako ukivijumlisha havifiki hata ampea 5, kwahiyo fyuzi ya 10 ikikata siyo kwamba ni ndogo, kuna mahali umeme unatoroka.

Unaona inapotupeleka? Wewe umeandika kama vile kosa lote ni la mikono ya shemeji. Inawezekana kabisa shoti yenyewe haimhusu, gari ni ya mkononi, waya umechoka tu. Inawezekana pia ni zile kamba za bluu kaziunga kwenye waya wa taa hizo hizo, sijui, mpaka pafunuliwe. La kwake lisilo na ubishi ni karatasi. Na hata hapo ningekuomba ujiulize, nani alikuwa anamwambia nini siku ile usiku njiani? Mara nyingi sisi wenye gari tunamwambia fundi wewe fanya iwake tu tufike, hela hatuna, muda hatuna, anafanya iwake, halafu hakuna anayerudi. Marehemu mzee wangu alikuwa na pikapu iliyotembea na msumari kwenye boksi la fyuzi, na aliyeuweka ni yeye mwenyewe, fundi alikataa. Tulikuja kuutoa siku ambayo taa, honi na waipa viliungua pamoja tukiwa tumepakia mahindi, tukalala porini.

Nikuulize na lingine. Huyo fundi wa pili, kwa nini unamwamini moja kwa moja? Kuhusu karatasi yuko sahihi, umeiona kwa macho yako. Ila kusema waya zote zing'olewe kabla hajapima chochote, na nusu mkononi kwanza, hmm. Mafundi wana kaugonjwa ka kuponda kazi ya mwenzao. Mzee anasema shoti ya namba hii inatafutwa kwa balbu ya indiketa tu, unachomoa fyuzi, pale pale unaunganisha balbu ya wati 21, unawasha taa za nyuma. Kama kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu, na waya haudhuriki kwasababu balbu inabana umeme usipite mwingi. Halafu mtu mmoja anaangalia balbu mwingine anatingisha waya, anachomoa kimoja kimoja, anafungua na kufunga mlango wa nyuma, siku balbu ikififia ghafla umeshafika. Ni kazi ya nusu siku na uvumilivu, siyo lazima laki 3 na 80. Ila hicho kiti cha fyuzi kilichopinda kibadilishwe, hapo hakuna ujanja, hata fyuzi nzima ikikaa pale itashika vibaya ipate joto.

Kuna kitu umekitaja kama unapita njia, na ndicho mzee alichokiogopa kuliko karatasi. Waya mwekundu. Kama ni wa sabufa na umetoka kwenye betri bila fyuzi yake karibu na betri, basi hauna mlinzi hata wa karatasi. Ule waya unapita kwenye tundu la bati kati ya injini na ndani, kama tundu halina mpira, bati linausaga kila ukipita tuta. Siku ganda likiisha betri yote inamalizia hasira hapo, gari hata ikiwa imezimwa, hata ikiwa imelala nje ya dirisha la watoto. Fyuzi yake inatakiwa ikae kama sentimita 45 tu kutoka betri au chini ya hapo. Nenda kaangalie, kuangalia kwa macho hakuvunji ndoa.

Haya, tuje nyumbani.

Unaweza kumfuata shemeji mwenyewe kwanza. Umesema anakuheshimu. Humwambii nimepelekwa wala nimeonyeshwa na nani, unamwambia shemeji gari ilinitolea moshi nikiwa na wanao kwenye foleni, njoo tuangalie wote. Akifunua ile karatasi mbele yako atajua unajua, na utakuwa umempa nafasi airekebishe kabla kaka yake hajaona. Uzuri wake anatoka na heshima yake. Ubaya wake, anaweza kukuwekea ya kijani akakwambia tayari, kwahiyo utahitaji kujua kwamba unataka nyekundu na unataka apime kwa balbu, na pia unaanza siri ya pili juu ya siri ya kwanza, mumeo akija kujua mlikaa wawili mkamficha sijui atalipokeaje.

Au mumeo. Hapa nina swali, una uhakika anajua kuhusu karatasi? Nimerudia barua, sijaona mahali umesema anajua. Umesema alicheka habari ya moshi. Mwanaume anayecheka moshi bila kujua chanzo na mwanaume anayejua chanzo akacheka ni watu wawili tofauti, na mimi sijui wako ni yupi. Ukimpeleka kwenye gari, ukafunua kifuniko ukamwonyesha kwa tochi bila kusema jina la mtu, unaweza kushangaa. Ila atauliza umejuaje. Hapo ndo pagumu, na uongo wa kwamba ulifunua mwenyewe utakuwa mwepesi siku hiyo na mzito siku fundi yule akimpungia mkono sokoni. Ukisema kweli, nilienda kwasababu niliogopa na wewe ulicheka, pengine patawaka. Pengine pia atasikia hilo neno niliogopa, ambalo kwenye barua yako yote hujalisema kwake hata mara moja.

Kuna wanaopitishia kwa mkubwa, mama mkwe au kaka mtu mzima. Wewe mwenyewe umeshaniambia habari inavyosafiri huko kwenu, sitaongeza.

Na ile milioni 2. Ningekuwa wewe nisingeichanganya na fyuzi wiki hii. Ukisema kwa pumzi moja gari inaungua na pesa asipewe, mumeo atasikia la pesa tu. Halafu kijana kuonyeshwa kosa lake kabla hajafungua gereji, akakaa na mzee wa watu wiki mbili akajifunza kutafuta shoti, inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko mtaji, ila hilo lina wakati wake na huenda siyo wewe wa kulisema.

Safari nayo. Kuchomoa tu ile karatasi msafiri hivyo hivyo, hapana, maana mtakuwa barabara ya Singida saa 10 alfajiri bila taa za nyuma, na hiyo ndo njia ya malori ya Mwanza, Rwanda na Burundi. Kuiacha, unajua. Katikati kuna mambo kama kutoka saa 1 asubuhi mchana mweupe, au mama na watoto wapande basi, au gari ishughulikiwe kabla. La kutoka asubuhi linaweza kusemwa bila kumtaja mtu, mama mkwe mtu mzima hapendi giza. Ila mchana unatatua taa, hautatui waya mwekundu.

Wakati unatafakari, yapo mambo ya leo jioni ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu. Gari ikiwa imezimwa na ufunguo umetoka, fyuzi inachomolewa kwa kile kibanio kidogo cha plastiki kinachokaaga ndani ya boksi, unaweka nyekundu nzima, ikikata uiache imekata, imefanya kazi yake, hapo usiku hutembei. Kama mtu atashika betri, avue pete na saa ya chuma, aanze kufungua kichwa cha hasi, spana namba 10 mara nyingi, na kwenye kufunga hasi iwe ya mwisho, ukianza na chanya spana ikagusa bati utaona cheche ambazo hutazisahau. Redio na saa zitasahau kila kitu, usishtuke. Hasi ikishatoka, ule mwekundu unaweza kufunguliwa pale kwenye betri ncha yake ikafungwa tepu, sabufa inyamaze kwanza. Waya za soketi za njano chini ya usukani msiguse, ni za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga.

Na moshi ukirudi mkiwa njiani, pembeni, zima, toa ufunguo, toa watoto. Angalia leo hii kama milango ya nyuma ina loki ya watoto, maana wengi tunaifunga tunasahau kwamba ndani hawawezi kufungua, na vioo vya umeme siku ya shoti vinaweza visishuke. Kama moshi unatoka mbele usifunue boneti yote, unaupa moto hewa, mwenye kizimamoto cha poda anapulizia kwenye upenyo, kisipotosha mnaachana nayo mnakaa mbali mnapiga 114. Kizimamoto chenu kipo lakini? Siyo kile cha kumwonyesha trafiki, naongelea chenye mshale kwenye kijani.

Sasa mwanangu, kati ya shemeji na mumeo uanze na nani, wewe ndo unalala nyumba hiyo, unajua mumeo akirudi saa ngapi anakuwa na masikio. Mimi kama ningekuwa jirani ningekusindikiza tu kwenye boneti. Kesho asubuhi kabla ya shule uangalie pale waya mwekundu unapoingia kwenye bati, kama pana mpira au hapana, na ufuate huo waya kutoka betri uone kama kuna kiboksi cha fyuzi. Niandikie ulichoona.

Shangazi